Majilio ni Maji ya Nani?

Swali hili niliulizwa na mtoto. Ilikuwa Jumamosi ya mafundisho, tumeketi chini ya mwembe nje ya kanisa kwa sababu ndani mabati yalikuwa yanachoma, nami nimeandika ubaoni kwa chaki, kwa herufi kubwa, neno MAJILIO. Watoto wetu lugha ya nyumbani ni Kikamba. Kiswahili wanakitafuna kama muwa, pingili kwa pingili, wakianza na ile wanayoijua. Mmoja wao akasimama, akalifunika neno nusu kwa kiganja, akasoma: "Maji." Akaondoa kiganja, akatazama kilichobaki, akanigeukia. "Mwalimu, Majilio ni maji ya nani?"

Nilicheka. Wenzake hawakucheka hata mmoja. Walikuwa wanangoja jibu, kwa maana huku Kitui kuuliza maji ni ya nani si mzaha. Yapo maji ya shule, yanayofungwa kwa kufuli. Yapo ya mwenye kisima, yanayouzwa kwa mtungi, na bei hupanda kadiri ukame unavyokaza. Yapo ya mtoni, ambayo ni ya kila mwenye mikono ya kuchimba. Nikafuta kicheko usoni, nikawaeleza kwamba neno limetokana na kuja, na kujilia: Bwana anawajilia watu wake, nasi tunamngoja majuma manne kabla ya Krismasi. Yule mtoto akaketi, ameridhika. "Kumbe yanakuja," akawaambia wenzake.

Kisarufi hakukosea: Majilio yanakuja. Nimekaa na maneno hayo miaka kadhaa, na leo nataka kuyahubiri. Nayahubiri kwako wewe wa Mutomo na Zombe, wewe wa Mwingi, wewe wa Kathonzweni na Kibwezi, na wewe uliye Nairobi unayesoma haya ndani ya matatu huku ukipiga hesabu kama nauli ya Desemba itakuruhusu kufika nyumbani.

Mishumaa minne tunayoiwasha kwa heshima kubwa mbele ya altare ina asili yake. Mwaka 1839, mjini Hamburg, Ujerumani, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na makao ya watoto maskini, na watoto hao walimchosha kwa swali moja kila siku: je, Krismasi imefika? Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapachika mishumaa juu yake, midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya Jumapili, ili wahesabu wenyewe wamwache apumue. Hatukuipokea desturi hii kwa maaskofu wala kwa mtaguso. Tuliipata kwa usumbufu wa watoto. Nikumbukeni kwa hilo mtakapomtoa mtoto nje ya ibada kwa sababu anauliza-uliza.

Lakini Majilio ya Hamburg ni ya baridi na giza, jua linazama watu hawajatoka kazini. Kwetu Desemba jua liko utosini. Tumezoea kuimba habari ya usiku mrefu na nuru gizani, tukirudia ya wenzetu, na hali sisi kinachotutisha si giza. Mvua tunayoitegemea Ukambani ni ya vuli. Ile ya masika imetudanganya mara nyingi, hata wazee wengine hawaipandii ila kwa kubahatisha. Oktoba tunaingiza mbegu ardhini ingali vumbi, kabla tone halijaanguka: ndengu, kunde, mbaazi, mtama, na mahindi kwa wale ambao hawasikii la mkuu. Novemba tunatazama juu. Jumapili ya kwanza ya Majilio inapofika, shamba limekwisha kuanza kutoa hukumu. Ama ndengu zinaelekea kuweka maua, ama mahindi yanajikunja majani saa sita mchana. Mtu wa Ukambani anakuja kanisani siku hiyo akiwa na hukumu hiyo moyoni, na padri anamwambia: tumaini.

Mimi mwenyewe niliwahi kushindwa kulisema neno hilo, na naungama hapa mbele yenu. Mnaikumbuka 2022. Tangu mwisho wa 2020 mvua ilikuwa imetukosa msimu baada ya msimu, na vuli ya 2022 ikawa ya tano mfululizo. Ng'ombe walikuwa ngozi na macho. Nilikwenda kwa watoto wa mafundisho nikawaambia, kwa sauti ya mtu mzima mwenye busara, kwamba mwaka huu hatutafanya igizo la Krismasi. Hali ni mbaya, tusitarajie sana. Nikaingia chumba cha nyuma kupanga vitabu. Haikupita nusu saa nikasikia kelele chini ya mwembe. Walikuwa wanagombania nani awe Herode. Mbuzi wa jirani alikuwa amekamatwa kuigiza mbuzi. Mtoto Yesu alikuwa kibuyu kimefungwa leso. Hawakuniasi; walinipita tu, kama maji yanavyolipita jiwe. Nikasimama mlangoni na vitabu mkononi, na nikaona aibu ambayo sijaisahau.

Mwaka ule ule nilishuka mtoni Tiva. Nataka mnisindikize huko taratibu, kwa kuwa ndiko mahubiri yangu yaliko.

Mto Tiva kwa miezi mingi ya mwaka ni barabara ya mchanga. Mgeni akipita hucheka: mto gani huu, mbuzi wanaota jua katikati? Nilimkuta kijana mdogo, wa miaka saba au minane, ameletwa na punda mwenye mitungi minne. Alikuwa na kata ya kibuyu na jembe la mpini mfupi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mahali karibu na ukingo, penye pindo la mto, akapiga magoti akaanza kuchimba. Mchanga wa juu ulikuwa mweupe, mkavu, ukiteleza kurudi shimoni kila anapoutoa. Akaupanua mdomo wa shimo. Akachimba mpaka kiwiko, kisha mpaka bega, sasa amelala kifudifudi na shavu limegusa mchanga. Rangi ikabadilika: kutoka nyeupe kuwa kahawia. Akatoa donge, akalifinya, likashikamana. Hakupiga kelele ya furaha. Akaendelea.

Maji yalipoanza kujikusanya chini yalikuwa tope. Mimi nilikuwa na kiu, nikainama na mkono tayari. Akanizuia kwa kata. Akayachota yale tope akayamwaga pembeni, yote, mpaka shimo likabaki tupu tena. Nilikaribia kumgombeza, kumwaga maji mwaka kama huo! Kisha akakaa kitako, akakumbatia magoti, akangoja. Maji yakarudi, safari hii mepesi kidogo. Akayamwaga tena. Mara ya tatu yakaja kama kioo, polepole, yakipanda bila sauti, na ndipo alipotumbukiza kata akanipa mimi kwanza, kwa sababu nilikuwa mgeni na mkubwa. Mitungi minne ilichukua karibu asubuhi nzima.

Haya basi. Tazameni mtoto huyu alivyoamini. Mara nyingi tumefundishwa kwamba imani ya kitoto ni kutojua: kwamba mtoto anaamini kwa sababu hajaona mengi, na akikua ataacha. Uongo! Mtoto wa Ukambani ameona. Ameona punda akifa, amelala na njaa, ameimeza muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, bila maharagwe siku kumi mfululizo. Yule kijana alijua kuliko mimi kwamba mto ni mkavu. Alichokijua zaidi ni kwamba ukavu ni wa juu. Mafuriko ya usiku mmoja yanapoteremka kutoka vilimani huzama mchangani, na jua hunyonya ya juu tu. Likifika kama urefu wa mkono kwenda chini, linashindwa. Susu yake, yaani bibi yake, alimwonyesha pindo lile, naye susu alionyeshwa na mamake. Hakuchimba popote kwa kubahatisha. Alichimba pale alipoambiwa na mtu ambaye hajawahi kumdanganya.

Bwana wetu alipomwita mtoto akamsimamisha katikati ya wanafunzi waliokuwa wakishindania ukubwa, hakuwaambia wawe wajinga. Mtoto hana akiba. Hana ghala, hana akaunti, hana hata neno katika baraza la wazee. Kila kitu alicho nacho amepewa. Kwa hiyo akiahidiwa, anaelekeza uso wake wote kwa aliyeahidi. Sisi wakubwa tuna akiba, na mbaya zaidi, tumeweka akiba ya kukata tamaa. Tunaitunza kama mbegu. Tunaipanda kila Novemba kabla ya ndengu.

Mzee Zakaria alikuwa mtu mwema, kuhani, na Injili ya Luka yasema yeye na mkewe walikuwa wenye haki. Alipoletewa habari ya mtoto, akadai uthibitisho, akapigwa ububu mpaka mtoto alipozaliwa na kupewa jina. Wahubiri wengi huiita adhabu. Mimi naiona huruma, tena kwa Elisabeti zaidi: Mungu aliona heri mzee anyamaze kuliko aende nyumbani akaikatishe tamaa nyumba nzima. Na wa kwanza kumpokea Kristo katika habari ile yote ni nani? Ni yule Yohana ambaye hajazaliwa, aliyeruka tumboni kwa sauti ya Maria mlangoni. Hajaona kitu. Hana hata macho yaliyofunguka. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini kuna miongoni mwetu ambao Majilio haya ingetufaa tufunge midomo miezi tisa.

Jambo la mchanga sijalimaliza. Mmeona mabwawa ya mchanga, yale ya ukuta wa mawe na zege uliokingamishwa mtoni mpaka kwenye mwamba. Kitui kuna mamia, mengi yamejengwa tangu miaka ya 1990 na wanavijiji pamoja na shirika la SASOL. Upande wa Machakos na Makueni, kundi la Utooni lililoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978 lilitangulia. Aliyewahi kubeba mawe ya ukuta ule anaijua siri yake. Akina mama wanapasua kokoto, wanabeba maji ya kukorogea saruji kutoka mbali, maji yale yale wanayoyatafuta. Ukuta unakamilika. Mvua inakuja, mto unateremka kwa kishindo, na asubuhi watu wanakwenda kutazama bwawa lao. Wanakuta limejaa mchanga.

Mchanga! Mtu asiyejua angekaa chini alie. Lakini ndivyo linavyofanya kazi: bwawa lisilojaa mchanga halihifadhi kitu, maji ya wazi hunyonywa na jua, huchafuliwa na ng'ombe, huzaa mbu. Mchanga ndio ghala. Msimu baada ya msimu unajaa, na maji yanalala ndani yake, theluthi moja hivi ya ujazo wote, na maji ya visima vya karibu yanaanza kupanda, na miti ya ukingoni inasimama kijani mwezi wa Septemba. Ndugu yangu, umeomba miaka mingapi, ukaenda asubuhi kutazama, ukakuta mchanga? Usibomoe ukuta.

Na ninyi mnaoiba mchanga usiku kwa malori, nisipowataja hapa nitakuwa mwoga. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, na bado mnajua njia za panya. Mnadhani mnauza mchanga. Mnauza kisima cha yule kijana.

Na si mchanga tu unaoficha uhai. Isaya aliona chipukizi katika kisiki cha Yese. Mchoma makaa yeyote wa Kibwezi angeweza kumwambia: visiki havisemi ukweli wote. Mti wa mukau hutoa majani mapya ardhi ingali kavu, mvua haijanukia, na mbuzi ndio wa kwanza kujua.

Nataka sasa niwapeleke nyuma, kwa maana Majilio yana historia katika nchi hii ya Ukambani, na ni ajabu hatuisimulii. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alitembea kwa miguu kutoka Rabai hadi Kitui, akawa mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu. Kivoi akamsimulia mlima ulioko mbali upande wa magharibi na kaskazini, wenye kitu cheupe kichwani, ambao watu wake waliuita Kĩĩnyaa. Krapf akatazama. Mawingu. Akatazama tena siku zilizofuata: mawingu. Tarehe 3 Desemba, Jumatatu, siku moja tu baada ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, alipokuwa ameshika njia ya kuondoka, mawingu yakapasuka, akaona vilele viwili kama pembe, vimevikwa weupe. Jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika kama alivyoweza, na leo ndilo jina la nchi yetu.

Habari zilipofika London, wasomi walikataa. William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, alishikilia kwamba theluji penye ikweta haiwezekani. Ilichukua miaka 34, mpaka msafiri Joseph Thomson alipouona mlima mwaka 1883, ubishi ukapoa. Miaka yote hiyo mtoto yeyote wa Kitui aliyeamka mapema siku ya anga safi alikuwa anauona, anapiga miayo, anakwenda kuchunga.

Tena kuna jambo ambalo hunitia ukimya kila nikilitafakari. Yale mawingu yaliyomficha Krapf mlima yalikuwa mawingu ya vuli. Yalikuwa ndiyo mvua. Kivoi na watu wake walikuwa wameyangoja tangu Oktoba, na kwa mgeni yalikuwa kizuizi tu cha kuona. Ee ndugu, pengine kilichokuficha uso wa Mungu mwaka huu ndicho anachokuletea.

Mwaka 1895, Desemba tena, tarehe 12, Peter Cameron Scott na wenzake walifika Nzaui, Makueni, wakafungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Alikuwa kijana. Homa ikamchukua tarehe 4 Desemba 1896, zimebaki siku nane mwaka utimie, hajafikisha miaka 30. Wenzake kadhaa wakafa, wengine wakarudi kwao, na njaa kubwa ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye ikaikumba nchi. Mtu mzima mwenye hesabu angefunga daftari. Leo nenda Jumapili yoyote kutoka Nzaui mpaka Mbooni usikie makanisa ya AIC, matunda ya misheni ile, yanavyoimba. Wao hawana mishumaa ya Majilio, na mimi na wao tuna mabishano yetu, lakini hilo la Desemba ile ni letu sote.

Tarehe 4 Desemba. Mlio Mwingi mmekwisha kunitangulia.

Nikisema maji yanakuja, najua zipo nyumba ambazo maneno hayo yanazichoma. Mwaka 2021, Septemba, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Miezi mitatu haijatimia, Jumamosi ya tarehe 4 Desemba, mto Enziu uliteremka kwa nguvu, ukalisomba basi lililowabeba wanakwaya Wakatoliki wa Mwingi waliokuwa wakienda harusini. Walikufa watu zaidi ya 30. Katika nchi iliyokuwa inakufa kwa kiu, watu walikufa maji, wakiwa wamevaa nguo za sherehe, njiani kwenda kuimba. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya pili ya Majilio, na Injili ya siku hiyo katika makanisa yetu ya Kikatoliki ilikuwa sauti ya Yohana Mbatizaji nyikani: habari ya kila bonde kufukiwa, na njia zenye mashimo kulainishwa. Fikiri kusimama kwenye mimbari ya Mwingi asubuhi ile, ukayasoma hayo, nafasi za kwaya zikiwa tupu mbele yako.

Sina maelezo ya kuwapa wafiwa, na aliye nayo namwomba akae nayo mbali na nyumba zao. Nina kitu kimoja tu nilichokiona kwa watoto. Mtoto aliyeumia hamtolei mama hotuba, wala hampi mgongo. Anamkimbilia akilia, na mara nyingine anampiga ngumi kifuani, lakini ngumi hizo anazipiga akiwa amepakatwa. Mpigeni Mungu ngumi, ninyi wa Mwingi. Pigeni mkiwa mapajani pake. Na sisi wengine tuelewe kwamba kuna mahali ambapo kulifukia bonde maana yake ni daraja: zege, nondo, mhandisi asiyekula hela. Anayewasha mshumaa wa pili wa Majilio na kutia sahihi daraja bovu amewasha moto wa kujichoma.

Ni ghali, tumaini la kitoto. Kwa hiyo waigizaji wake ni wengi. Wapo wanaotuuzia mvua kwa chupa za mafuta ya upako. Wapo wanaokuja na mwolyo, yaani chakula cha msaada, magunia mawili na kamera tatu, wakati kura zimekaribia, na kutufundisha kunyoosha mikono mpaka tumesahau kuichimbia. Mtoto ananyoosha mkono kwa babake, si kwa kila apitaye na gari. Watoto wenyewe wanajua tofauti. Mpe pipi mtoto usiyemjua huko Kathonzweni uone atakavyomtazama susu yake kwanza.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenu, mama na baba mlio Kayole, Mlolongo na Changamwe. Nimemwona mwanenu. Amesimama steji tangu saa nane, amevaa sweta kwenye jua hili kwa sababu ndiyo nguo nzuri aliyo nayo. Susu amemwambia mnakuja wiki ya Krismasi, na yeye wiki ameifanya leo. Kila vumbi likiinuka upande wa Emali anasogea hatua moja barabarani. Basi linasimama, wanashuka wengine, wenye magodoro na mikate na kuku waliofungwa miguu. Anawatazama usoni mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kisha utingo anagonga ubavu wa basi na basi linaondoka. Hachukii. Anarudi kwenye kivuli cha duka na kuanza kungoja upya, kana kwamba hakuna basi lililowahi kumkosesha. Hangoji mkate, hangoji viatu. Anangoja mtu.

Nendeni nyumbani! Kama nauli haipo, pigeni simu leo, mseme ukweli, mtaje siku nyingine, na siku hiyo mfike. Msimfundishe mtoto wa Majilio kwamba anayeahidi haji. Mtamvunjia pindo la mto ambalo Mungu mwenyewe amekusudia kuchimbia maji. Na ninyi mnaobaki, akina susu wenye wajukuu sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, ninyi ndio Simeoni na Ana wa siku hizi. Wazee wale walizeeka wakingoja, na walichopewa mwishoni ni kumbeba mtoto mchanga. Mmekwisha kubeba wengi. Endeleeni kuwaonyesha mahali pa kuchimba.

Amkeni, Makueni! Amka, Kitui, na wewe dayosisi changa ya Wote uliyezaliwa 2023 ukiwa bado unajifunza kutambaa! Wenye ndengu zilizotoa maua, msijisifu. Wenye mahindi yaliyojikunja, msiape. Ingieni palizini hata kama mnapalilia tumaini la magunia mawili. Watoto wakitaka igizo, lifanyeni, na Herode muwe ninyi wakubwa, mnafaa. Anakuja. Juu ni pakavu, nami sipingi. Pigeni magoti.

Kanisani kwetu hatuna shada la matawi ya msonobari, wala sitalitafuta. Tuna karai, lile la mafundi, lenye zege iliyoganda ukingoni. Tunalijaza mchanga wa Tiva na kusimamisha mishumaa minne. Mwaka jana kazi ya mchanga niliwapa watoto, na Jumapili ya kwanza wakachelewa. Wimbo wa kuingia ulikuwa umefika ubeti wa tatu walipotokea mlangoni, wanne wamelishika karai, wameinama kwa uzito, magoti meupe kwa vumbi. Walipoliweka mbele ya altare nikatia kidole. Mchanga ulikuwa mbichi, baridi.

"Mbona mmeleta wa maji," nikawanong'oneza, "na mto wote ni mkavu?"

Wakatazamana kama watu walioulizwa jambo lisilo na maana.

"Wa juu mishumaa ilikuwa inaanguka, Mwalimu," akasema mmoja. "Tukachimba."